Studio ya uani imeungua, ndugu wanakuja Jumamosi: waguse nini, waache nini

Msomaji wa Kihonda, Morogoro, ameniandikia kwamba studio yake ya kurekodi muziki imeungua. Ni chumba cha mita tatu kwa nne alichojenga uani kwa tofali za saruji za inchi sita na kukiezeka bati. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, moto ukaanzia kwenye eksitensheni nyuma ya meza na kupanda kwenye sponji za godoro alizobandika ukutani kuzuia mwangwi. Majirani waliuzima kwa ndoo na mpira wa maji baada ya kama dakika ishirini. Hakuna aliyeumia. Jumamosi wanakuja kaka zake wawili, shemeji, mama, na mjomba ambaye ni mwashi. Familia inasema kuta zimesimama, kwa hiyo kazi ni kufagia, kupiga rangi na kuezeka upya. Ametuma picha na maswali matatu: kuta zinafaa? Ndugu wafanye kazi zipi? Na diski ya kompyuta yenye nyimbo za wateja, iliyolowa bila kuungua, aiwashe ajaribu?

Pole sana kaka, na tushukuru moto ulikuta chumba kitupu.

Nianze na jibu lenyewe. Kuta zako nyingi zitapona. Lenta ya juu ya dirisha haitapona. Paa linashuka lote, na waya zote zinatupwa, hata zile zinazoonekana nzima. Ndugu zako wanaweza kuibeba zaidi ya nusu ya kazi hii kwa mikono yao, ila si kwa mpangilio waliokupa. Rangi waliyoiweka mwanzoni inakuja mwisho kabisa. Jengo lililoungua limejaa alama zinazoonyesha joto lilifika wapi na kwa kiasi gani. Zikishafagiwa na kufunikwa kwa rangi, hata akija mhandisi atakuwa anabahatisha tu.

Kwa hiyo kabla mtu hajashika fagio, piga picha kila ukuta, kwanza ukiwa katikati ya chumba, kisha kwa karibu. Zitakufaa pia zimamoto, serikali ya mtaa, au kampuni ya bima kama ulikata, wakitaka maelezo. Na kabla ya hapo, fundi umeme akate kabisa laini inayotoka nyumba kubwa kwenda studio. Kuzima swichi hakutoshi. Aichomoe kwenye mein swichi.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye picha zako. Soketi zilizoyeyuka sikuzijali sana, maana plastiki huyeyuka kwa joto dogo. Nilichokitazama ni fremu ya dirisha. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na fremu yako imechuruzika kona moja tu, ya juu kushoto. Waya za shaba zilizokuwa hapo hapo zimevuliwa plastiki lakini hazikuyeyuka, na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kile kitone cha shaba kwenye mabaki ya eksitensheni ni cha shoti, hakipimi joto la chumba. Basi kwenye kona ile joto lilipita 660 na halikufika 1,085. Ukitazama juu, zinki inayopakwa kwenye bati huyeyuka karibu na nyuzi 420, ndiyo maana bati za juu ya meza zimepauka na kuwa na unga mweupe, ilhali za upande wa mlango bado zinang'aa chini ya masizi. Una nusu ya chumba iliyopikwa, na nusu iliyopigwa moshi tu. Kazi isifanywe kana kwamba ni chumba kimoja.

Ukuta wa nyuma umeusema mwenyewe kwamba una "rangi ya waridi iliyopauka". Umeona vizuri, na hiyo ndiyo alama muhimu kuliko zote. Mchanga wenye madini ya chuma ukiwa ndani ya saruji huanza kugeuka waridi joto likifika kama nyuzi 300, na ukipita 600 hupauka kuelekea kijivu cheupe. Chini ya 300 saruji huwa haijapoteza nguvu ya maana. Juu ya hapo hupungua haraka, na ikifika 600 mara nyingi nusu ya nguvu imekwisha. Saruji ikishapoa hairudishi nguvu hiyo. Wenzetu wa Iringa wanaojengea tofali za kuchoma wana nafuu hapa, kwa sababu tofali lao lilishapita kwenye tanuri kabla ya kuingia ukutani. Lako halikupita.

Swali ni waridi hiyo imeingia kina gani, na hapo ndipo mjomba anapohitajika. Mpe nyundo ndogo, aanzie ukuta wa mlangoni ambao ni mzima, agonge taratibu kila baada ya futi moja akielekea kona iliyoungua. Mwashi wa siku nyingi hahitaji kufundishwa mlio wa plasta iliyoachana na ukuta. Kila panapolia uwazi pachorwe duara kwa chaki, kisha plasta yote ya ndani ya duara itolewe kwa tindo, na kidogo nje ya duara. Plasta huwa na unene wa milimita 15 hadi 20 hivi. Ukiibandua ukakuta tofali la nyuma bado kijivu na gumu, plasta ilikufa kwa niaba ya ukuta, na ukuta unafaa. Ukikuta tofali lenyewe limekuwa waridi, likwaruze kwa msumari. Likikwaruzika kidogo tu, liache. Likimwaga mchanga, litolewe na kuwekwa jipya. Msitoe matofali zaidi ya mawili au matatu yaliyofuatana kwa wakati mmoja, na msianze kung'oa lolote kabla paa halijashuka.

Halafu timazi. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zikiungua na kulegea zinaweza kusukuma kilele cha ukuta nje. Mjomba ateremshe timazi pembe zote nne. Mahali ukuta umelala nje, au ufa unaoonekana pande zote mbili unapitisha sarafu, mkono wa familia uishie hapo na mhandisi aitwe. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizo kwenye plasta tu, zisiwanyime usingizi.

Lenta sina mjadala nayo. Zege la chini limebanduka, nondo mbili zinaonekana na moja imelegea katikati. Kuna watakaosema ipigwe plasta izibwe. Isizibwe. Itolewe, imwagwe upya. Kwanza matofali ya juu yake yashikwe kwa mirunda pande zote mbili, na hakuna mtu wa kupita dirishani wala kusimama chini yake. Kwa dirisha la futi nne kama lako, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na kila upande lenta ipumzike juu ya ukuta angalau sentimita 15. Nondo zisigusane na ubao wa fomu. Ziachiwe sentimita mbili na nusu za zege kuzunguka, maana unene huo ndio ulinzi wake dhidi ya kutu leo na dhidi ya moto siku nyingine. Kisha maji kila siku kwa siku saba, na mirunda isitolewe kabla ya wiki mbili. Nalisema hili kwa sababu nyumba nyingi hujengwa na ndugu Jumamosi, Jumapili jioni kila mtu anarudi kwake, na zege linabaki juani bila mtu wa kulimwagilia. Amueni mapema nani ana ndoo Jumatatu hadi Jumapili.

Kuhusu paa, mbao zina tabia moja nzuri: huungua kutoka nje kwenda ndani kwa mwendo unaokadirika, kama milimita 0.7 kwa dakika. Moto wako ulidumu kama dakika ishirini, hiyo ni milimita 14 kila upande ulioguswa. Mbao ya mbili kwa nne ina upana wa milimita 50 hivi. Ukitoa 14 kila upande unabaki na 22. Chukua panga, kwangua mkaa kwenye kenchi iliyo juu ya meza hadi ufike kwenye mti mweupe, upime kwa rula. Utakuta kilichobaki ni unene wa papi, ile mbao nyembamba ya kupigilia bati, si kenchi. Upande wa mlango huenda ukakuta mbao nzima chini ya masizi, na hizo unaweza kuzirudisha kazini kama papi, lakini kenchi zote ziwe mpya.

Wakati wa kuteremsha, asipande mtu juu ya paa. Jengeni jukwaa ndani, watoe misumari kutoka chini: bati kwanza, papi, kisha kenchi, kuanzia upande mzima kuelekea ulioungua. Kaka zako ni vijana, watataka kuruka juu wamalize saa moja. Kenchi iliyobaki milimita 22 itawabeba hatua mbili za mwanzo, ya tatu haina uhakika. Bati zilizopauka zisirudi. Zinki yake imekwenda na masika ya kwanza yatazitoboa.

Mabaki ya mbao yasiende jikoni. Najua kuna mtu atasema yatafaa kuchemshia maharage ya mafundi. Mbao nyingi za kenchi hutiwa dawa ya mchwa, na dawa za kijani zina shaba, kromiamu na aseniki. Hiyo aseniki hubaki kwenye majivu. Kwa hiyo usiyapikie, usiyamwage kwenye mchicha wa mama, na kuku wasiyachakure. Yanyunyizwe maji kidogo yasiruke, yatiwe kwenye viroba, yafungwe, yapelekwe dampo.

Sasa watu. Jumamosi hii ya kwanza iwe ya kutoa, kutenga na kusugua tu. Kaka wawili na shemeji: kubeba vitu nje, kubandua sponji zilizobaki, kisha masizi ya ukutani. Masizi husuguliwa makavu kwanza, kwa brashi ngumu, kuanzia juu. Ukianza na maji unayatengenezea wino na kuupeleka ndani ya plasta. Yakishatoka makavu ndipo ije ndoo ya maji ya sabuni ya unga, na maji ya kusuuza. Kila aliye ndani avae barakoa ya N95, glavu, miwani na mikono mirefu. Kitambaa cha khanga puani hakizuii moshi wa plastiki uliokauka ukutani. Waya zenye ganda la plastiki ya PVC zikiungua hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki ambayo hukaa kwenye masizi na kula chuma, na ngozi haipendi pia. Watoto wabaki nyumba kubwa, hata wakilia.

Mama umesema anataka kusaidia. Mpe daftari. Akae kivulini, kila kinachotoka kiandikwe: kimetupwa, kinasubiri fundi, kimesafishwa. Na michango ipitie kwake au kwa mtu mmoja anayekubalika, siyo kila ndugu anunue anachoona kinafaa. Nimeona familia imeleta ndoo tano za rangi na hakuna mfuko hata mmoja wa saruji.

Mjomba ana ugumu wake, kwa sababu umeandika pia kwamba "anajua na umeme kidogo". Mzee usimkatalie mbele za watu. Mpigie Ijumaa, mwambie kuta na lenta ni zake, neno lake ni la mwisho hapo, na kwamba umeme umeshampa mtu ambaye TANESCO watamtaka asaini. Hilo la pili ni kweli, si kisingizio: mafundi umeme wa Tanzania hupewa leseni na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na kazi yako hii inamhitaji mwenye leseni. Kama mjomba ataacha vibarua vyake kwa siku kadhaa, mkubaliane ujira mapema. Udugu haulipi nauli.

Fundi umeme akija, mambo ninayotaka uyaone kwa macho yako ni haya. Laini yake binafsi kutoka mein swichi, siyo eksitensheni iliyopitishwa dirishani. Waya wa milimita 2.5 za mraba kwa soketi na breka ya ampea 20, wa 1.5 kwa taa na breka ya ampea 10. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Nguzo ya ethi iliyopimwa, siyo kupigiliwa tu. Kama utafunga AC, iwe na laini yake. Eksitensheni nyingi za dukani zina waya wa milimita 0.75 za mraba, ambao haufai kubeba zaidi ya ampea 6 hivi, sawa na wati 1,380 kwa umeme wetu wa volti 230. Kompyuta, spika mbili, feni, chaja na birika la chai la wati 2,000 vikiwa mwisho wa waya huo, tena umeviringishwa nyuma ya meza penye vumbi, umeme ukirudi kwa kishindo usiku huna haja ya kumtafuta mchawi. Na usiku ukifunga studio, zima breka yake.

Nifike kwenye sponji, kwa sababu ndiyo iliyogeuza cheche kuwa moto. Sponji ya godoro ni polyurethane, aina ya plastiki. Huwaka haraka sana, na moshi wake una kaboni monoksaidi na haidrojeni sayanaidi, ambazo humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Februari 2003, kwenye klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani na watu 100 wakafa. Januari 2013 ikawa Santa Maria, Brazil, kwenye klabu ya Kiss: sponji ya darini, fataki tena, watu 242. Chumba chako ni kidogo kuliko hizo kumbi, maana yake moshi ungekijaza mapema zaidi. Wewe au msanii wako mngekuwa mmelala mle baada ya kurekodi, barua yako ningeandikiwa na mtu mwingine.

Na tukiwa wakweli, sponji ile haikuwa inazuia sauti kutoka nje. Sponji na trei za mayai hupunguza tu mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Besi hupita kana kwamba hakuna kitu. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba matundu, yaani ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote, mlango wa mbao nzito wenye mpira pembeni, na dari isiyo na mianya. Ndani, kwa ajili ya mwangwi, tumia sufi ya miamba (rockwool) yenye unene wa milimita 50 hadi 100, ndani ya fremu za mbao zilizofunikwa kitambaa, ikiachwa nafasi kidogo kutoka ukutani. Haiwaki. Ni ghali kuliko godoro, na si kila duka la vifaa Morogoro litakuwa nayo, inaweza kukubidi uagize Dar. Ukikosa fedha, anza na fremu nne: mbili pembeni mwa spika, moja juu ya kiti, moja nyuma yako. Chumba chenye fremu nne kitarekodi vizuri kuliko ulivyozoea.

Mlango ufunguke kwenda nje, na usiwe wa kufuli linalohitaji ufunguo kutokea ndani. Dirisha lako lina grili iliyochomelewa. Ukimwaga lenta mpya, weka grili yenye bawaba na komeo la ndani. King'ora cha moshi cha betri darini, na mtungi wa kaboni dioksaidi wa kilo mbili karibu na mlango. Mtungi wa unga huzima moto pia lakini unga wake utaua mikisa na kompyuta zilizopona. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, iandikwe ukutani.

Rangi, hatimaye. Ukuta ulilowa maji ya kuzimia moto na plasta mpya ina maji yake, kwa hiyo uachwe ukauke wiki tatu au nne huku madirisha yakiwa wazi. Kwenye nusu ya moshi, ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, madoa ya kahawia yatatokeza tena na harufu itarudi siku ya jua kali. Paka mkono mmoja wa praima ya mafuta, ikauke, ndipo rangi ya maji. Hiyo ndiyo Jumamosi ya kuwaita hata watoto.

Diski usiiwashe. Masizi yenye unyevu hupitisha umeme na yana asidi. Ukiiwasha unaweza kuunguza saketi yake kwa sekunde moja, na kama ni diski ya kuzunguka, chembe moja ya uchafu ikiingia chini ya kichwa chake inaukwangua uso wenye nyimbo. Usiianike juani, usiipulizie mashine ya nywele, usiifungue. Ifute nje kwa kitambaa kikavu, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kurejesha data, na umwambie ililowa maji ya kuzimia moto na haijawashwa tangu hapo. Mikisa na kompyuta nazo zisichomekwe mpaka zifunguliwe na kusafishwa. Maiki za dainamiki mara nyingi huokoka zikisafishwa. Za kondensa zilizokaa kwenye moshi usiwe na matumaini makubwa. Wateja waandikie leo, kabla hujajua diski imesalimika au la, uwaambie kilichotokea na uwaombe yeyote mwenye nakala ya nyimbo zake kwenye simu aitume. Wengi watakuwa nazo WhatsApp.